Mama Takwimu na Yule Mmoja

Mama Takwimu hakukubali mtu afe kwa uzee. Ukimwambia babu fulani wa Ihanda amefariki, umri ulikuwa umekwenda, alikukazia macho utadhani umemtukana. "Uzee si ugonjwa," alisema. "Uzee ni umri. Amekufa na nini?" Na wewe uliyekuja kutoa taarifa ya msiba tu, kanga mabegani, machozi hayajakauka, ukajikuta unaeleza kikohozi cha marehemu kilianza lini, makohozi yalikuwa na rangi gani, na kama miguu ilivimba au haikuvimba.

Mimi ni muuguzi. Nimekuwa nesi wa zahanati miaka mingi, kwanza Isansa, kisha Ihanda, na sasa niko Nanyala, barabarani, ambako vumbi la malori linaingia mpaka kwenye kabati la dawa. Yeye alikuwa mtu wa takwimu za afya wa wilaya, ofisi yake Vwawa. Kila mwezi alikusanya kutoka vituo vyote habari za waliozaliwa, waliougua na waliokufa, pamoja na kilichowaua, akazipeleka juu ili mkoa ujue watu wake wanaondoka kwa sababu gani. Cheo chake cha barua kilikuwa kirefu na hakuna aliyejisumbua kukikariri. Wilaya nzima ilimwita Mama Takwimu. Marehemu mumewe naye alimwita hivyohivyo, tena mbele ya wageni. Jina lake nitaliacha hapohapo, kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema kwenye takwimu hakuna majina, na sitaki kumkosea heshima kwenye jambo aliloliamini.

Alikuwa mfupi, mwendo wa haraka, sweta la bluu kiangazi na masika, na kalamu ameichomeka kwenye kilemba. Bodaboda alipanda upande upande, na safari nzima alikuwa akimgombeza dereva. Mkimsikia kwa mbali mlijua amefika, maana sauti yake ilitangulia pikipiki.

Sisi manesi tulimwogopa mwisho wa mwezi. Hakuwa mkali wa matusi. Ukali wake ulikuwa wa kuuliza. Anakaa, anaomba chai, anakunywa nusu kikombe, halafu anaanza.

"Ihanda, nimonia zimepanda."

Ihanda ndiyo mimi. Alikuwa hakumbuki jina la mtu hata umpige fimbo. Kichwa kile kilichoshika kuhara kwa kata zote kilishindwa kushika jina la nesi mmoja, kwa hiyo alituita kwa vituo vyetu. Nilipohamia Nanyala aliendelea kuniita Ihanda, na mwenzangu aliyechukua nafasi yangu Ihanda akamwita Ihanda Mpya.

"Mama, si ni mwezi wa saba? Baridi hii watoto wanalala na moshi jikoni."

"Mwaka jana mwezi wa saba haukuwa na baridi?"

Unajua jioni hiyo hutoki mapema.

Enzi hizo, mtu akikushinda kumwelewa, uliandika malaria. Hilo lilikuwa jibu letu la kila kitu. Siku moja alinibana kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa Isansa mpaka nikatamani ardhi inimeze. Yule bwana alianguka kutoka mti wa parachichi, akavunjika mguu, na kwa kuwa alikuwa na joto kidogo mwenzangu wa zamu alimpa na vidonge vya malaria, kisha akaandika alichompa.

"Malaria," Mama Takwimu alisoma, polepole. "Ndiyo imempandisha kwenye parachichi?"

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Aliagiza tusahihishe, akamalizia chai yake, akatuambia kitu nilichokuja kukirudia kwa wanafunzi wangu wote: kwamba mkoa hauna macho, una sisi, na tukisema kila mtu kafa kwa malaria wataleta vyandarua huku watu wanavunjika miguu.

Kuhusu misiba alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyemfundisha. Wengi huku kwetu wanafia nyumbani, na anayefia nyumbani haonekani hospitali, kwa hiyo ilibidi mtu aende kuuliza. Vijana waliokuja kwa semina walikwenda na maswali yao msibani, siku ya pili ya kilio, wakafukuzwa na wajane. Yeye hakukanyaga nyumba ya msiba kwa kazi kabla matanga hayajaanuliwa na wageni kuondoka. Ndipo alikwenda, na kilo ya sukari, na kikapu. Kama ni msimu wa kahawa anaingia shambani kuchuma nao. Kama si msimu atapukuchua mahindi. Anachuma nusu siku nzima, anaongelea bei ya mbolea na wachungaji wanaohubiri kupita kiasi, na marehemu anakuja mwenyewe kwenye mazungumzo. Mkono ukiwa na kazi, alisema, mdomo hauogopi.

Nilifuatana naye mara moja, Isansa, kwa familia iliyopoteza mtoto wa miaka michache. Walishasema wazi kwamba mtoto alipigwa upepo mbaya, na upepo una mwenyewe: bibi mmoja jirani, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Akienda bombani kuchota maji, wanawake wanaondoa ndoo zao. Tulichuma kahawa mpaka vidole vikanata. Baba wa mtoto ndiye aliyeanza.

"Alikaa vizuri tu, mama. Jioni kaanza kutetemeka, macho juu. Usiku akatulia, tukajua kapona. Asubuhi tena. Si mkono wa mtu huo?"

"Na mwili ulikuwaje alipoanza? Wa baridi au wa moto?"

"Moto. Ulikuwa unachoma."

"Siku ngapi moto kabla ya kutetemeka?"

Yule baba alifikiri, mkono bado kwenye tawi. Mkewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, kwamba moto ulikuwa na siku zake, walimpa dawa za kutuliza maumivu wakasubiri wauze kahawa. Mama Takwimu hakumlaumu. Alisema ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, kwamba mwezi huo imechukua wengine kwa namna hiyohiyo katika kata ile, na kwamba wale wengine hawakuwa na jirani mjane. Kisha akaomba maji ya kunywa, na aliposikia yamekwisha akachukua ndoo akaenda kuyachota mwenyewe pamoja na yule bibi, wakarudi wakizungumza Kinyiha kwa sauti. Sidhani familia ile iliamini kila neno. Lakini wiki chache baadaye nilimwona bibi bombani na ndoo yake katikati ya ndoo za wenzake.

Kanisani alikuwa mtihani. Aliimba sauti ya pili, vizuri, ila mahubiri yalimshinda kuvumilia. Mchungaji akisema, "Wapendwa, mwaka huu wengi wametutoka," nyuma yangu nilisikia mnong'ono, "Wengi ni wangapi?" Mchungaji akisema magonjwa yamezidi siku hizi, anang'aka, "Yapi?" Mchungaji mwenyewe alimpenda. Alikuwa akisema ni mwanakwaya pekee anayemsikiliza.

Alikosea pia, na hilo ndilo nililompendea zaidi. Kulikuwa na vitongoji vya wafugaji huko bondeni Momba, watu waliohamia na ng'ombe zao, ambako watoto waliharisha na kadhaa wakafa. Mama Takwimu alikwenda, akaliona lambo wanalonywea ng'ombe na watu, akasimama kwenye mkutano akasema ni maji. Alisema kwa uhakika wake wote, na mkishamjua mnajua uhakika wake ulivyokuwa. Waliojenga karibu na lambo wakachukiwa, kwamba ndio wanaolichafua. Baada ya muda majibu ya vipimo yakaja: ilikuwa surua, na kuhara kulifuata nyuma yake. Mtu mwingine angepiga simu kwa mtendaji wa kijiji yakaisha. Yeye alipanda lori la mchele, akateremka huko bondeni na jua lake, akaomba mkutano uitwe upya.

Mzee wa wafugaji alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mama, umetoka Vwawa, njia yote hii, kuja kutuambia umekosea?"

"Ndiyo, baba. Nilisema mbele za watu, nirudishe mbele za watu."

"Haya. Kaa basi unywe maziwa."

Maziwa ya mgando yalikuwa yanamtapisha. Alikunywa bakuli zima. Alinisimulia mwenyewe, huku anashika tumbo kana kwamba bado yamo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo bila hilo mama huyu humjui.

Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja aliyoilinda kuliko zote: kuzaliwa huandikwa kulikotokea, na kifo huandikwa kilikotokea. Sehemu nyingine hii ni sheria nyepesi. Kwetu ni msalaba. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja uliopitiwa na mpaka, Tunduma kwetu Tanzania, Nakonde Zambia. Unanunua nyanya upande huu na unga upande ule, na Mnamwanga, ambaye kabila lake liko pande zote mbili, ana shangazi huku na mjomba kule. Mtu anaugua Tunduma, anapelekwa ng'ambo kwa ndugu, anafia huko. Kumrudisha akiwa maiti ni vibali, ni polisi, ni siku zinapita na waombolezaji wanakula. Kwa hiyo watu wetu wana desturi yao, na kila mtu anaijua ingawa hakuna anayeisema: marehemu anavalishwa vizuri, anakalishwa garini katikati ya ndugu wawili, kitambaa kichwani, na mpakani wanasema ni mgonjwa, amesinzia. Anavuka akiwa hai. Anazikwa kwao kwa heshima zote. Ng'ambo hakufa, kwa sababu aliondoka. Huku hakufa, kwa sababu alifia ng'ambo. Mama Takwimu aliwaita hao vifo visivyo na mkoa, na alizunguka kata za mpakani akiwasihi watu waache. "Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia, "na ninyi mnaficha mpaka kifo chenyewe."

Kisha ikawa zamu yake.

Alikuwa na binti mmoja, mtoto wa pekee, ameolewa Tunduma kwa mfanyabiashara wa mahindi. Mimba ya kwanza huku kwetu mwanamke huenda kujifungulia kwa mama yake. Lakini mwaka ulikuwa unaisha, takwimu za mwaka mzima zinafungwa, na Mama Takwimu alimwambia binti asubiri kidogo, au aende kwa mama mdogo Nakonde, kuna kituo kizuri jirani, yeye atakuja akishamaliza. Binti akaenda kwa mama mdogo. Akajifungua salama kwenye kile kituo, mtoto wa kike, na kesho yake akaruhusiwa. Akiwa nyumbani, amekaa kitandani ananyonyesha, damu ikaanza kutoka na haikusimama. Mama Takwimu alifika wakati wanatafuta gari la kumrudisha kituoni. Gari lilipopatikana, halikuwa tena la kwenda kituoni.

Haya alinisimulia yeye, kwenye benchi la zahanati ya Ihanda, miezi kadhaa baada ya mazishi, katikati ya kuhakiki chanjo. Hakuacha kuhesabu. Alisimulia huku kalamu inatembea.

"Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, akasema tufanye kama wanavyofanya watu. Nikakaa upande wa kulia, mama yake mdogo kushoto. Kichwa chake kilikuwa hapa," akagusa bega. "Mtoto nimempakata. Askari akainama dirishani, akauliza, mko wangapi? Nikasema watano. Huyu vipi? Nikasema anaumwa, amesinzia."

"Pole, mama."

"Watano, Ihanda. Dereva, mdogo wangu, mimi, mtoto, na yeye. Mimi ndiye niliyemhesabu."

Nililia, nikajikuta ndiye ninayebembelezwa. Wanasema mganga hajigangi, na siku ile niliona maana yake kwa macho yangu.

Wakubwa wake walijua, na walimhurumia. Mmoja alimwambia, "Mwandike tu huku. Ni mwanao, kazikwa huku, nani atauliza?" Akakataa. Kifo huandikwa kilikotokea. Na kule kulikotokea hakuwa na uso wa kwenda kusema. Basi kila mwaka, taarifa ya mkoa ilipotoka na yeye akisimama mbele ya kikao kusoma idadi ya akina mama waliokufa kwa uzazi, alisoma idadi ile kwa sauti yake ya kawaida, halafu akashusha kichwa na kusema kwa chini kabisa, "Na mmoja." Wageni walidhani anakohoa. Sisi tuliojua tulikuwa tunatazama meza.

Hakuvuka tena mpaka. Mwanamke wa mkoa huu asiyevuka kwenda sokoni Nakonde! Zamani alikuwa mpenzi wa munkoyo, kile kinywaji cha mizizi wanachouza kina mama wa Kizambia kwenye chupa. Alikuwa akirudi nacho mpaka Vwawa na kutugawia. Aliacha. Vikao vikifanyika Tunduma alichagua kiti kinachoupa mpaka mgongo. Na ile methali ya kuficha maradhi sikumsikia akiitumia tena.

Mtoto alimlea yeye. Walimwita Atupele, maana yake huko kwa kina Wandali ni kwamba ametupatia, na baba yake, ambaye baadaye alioa tena, hakumdai. Atupele alikua mrefu, mcheshi, wa kubishana, mwenye kukumbuka majina ya watu wote kwa niaba ya bibi yake. Wakitembea barabarani, mjukuu anamnong'oneza, "Huyo ni Mama Joni, Bibi," na bibi anaitikia kwa uhakika, "Mama Joni! Hujambo?" kana kwamba amekumbuka mwenyewe.

Akafaulu. Akachaguliwa chuo cha uuguzi, na chuo kikataka cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo tukakumbuka wote kwamba binti huyu, mjukuu wa mtu aliyehesabu vizazi vya wilaya nzima, hakuwa ameandikwa kuzaliwa popote. Shule ya msingi na sekondari alipita kwa barua ya mtendaji. Chuo hakikutaka barua.

Alinijia Nanyala akiwa amekimbia njia nzima. "Shangazi, niandikie tu kwamba nilizaliwa Ihanda, ulikuwepo. Wiki mbili zimebaki."

"Umemwambia bibi?"

"Bibi atakataa."

"Basi mimi nani nikubali? Twende kwake."

Huo ulikuwa mwaka jana. Mama Takwimu alikuwa ameshastaafu miaka, magoti yamemchosha, anaishi kwenye shamba lake la kahawa nje ya Vwawa. Tulimkuta barazani anachagua maharage. Atupele alisema yote kwa mkupuo mmoja, kisha akaongeza kwa ukali wa machozi, "Bibi, ukweli wako umewasaidia watu wote wilaya hii. Mimi umenisaidia nini?"

Nilitaka kumfinya. Mama Takwimu aliendelea kuchagua maharage, mabovu huku, mazima huku, mpaka ungo ukaisha.

"Ulizaliwa Nakonde," alisema. "Wanakujua kule. Kwenye kile kituo upo, umezaliwa mzima, uzito mzuri. Wakitaka kukupa cheti watauliza mama yako yuko wapi, aje aweke sahihi." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Ili wewe uandikwe umezaliwa, yeye lazima aandikwe amekufa. Hilo nimelijua tangu ukiwa mchanga. Nilikuwa nasema mwakani."

Atupele akapiga magoti. "Bibi, nisamehe. Usiende kama huwezi."

"Nilirudi Momba kwa ajili ya lambo," akasema, akiniangalia mimi. "Ihanda, kesho una zamu?"

Nilikuwa na zamu. Nikasema sina.

Tulivuka asubuhi, sisi watatu, kwa kibali cha siku moja. Mpakani malori yalikuwa yamepanga foleni kama kawaida yake na wabadili fedha wanatuita kila upande. Mama Takwimu alishika mkono wa mjukuu wake. Nilidhani atasimama pale askari anapokaa, lakini alipita bila kutazama pembeni, kilemba kimekaza.

Kwanza tulikwenda kwenye kile kituo wakathibitisha kizazi. Kisha ofisini, ambako kijana wa mezani, Mnamwanga wa upande ule, alitusalimia kwa heshima, "Mulishani bamayo," akamsogezea mama kiti. Akaandika jina la mtoto, akaandika siku. Akainua uso.

"Sasa, bamayo, mama wa huyu mwana yuko wapi?"

Atupele alikuwa anaangalia sakafu.

"Alifia hapa," Mama Takwimu alisema. "Kwa mdogo wangu, mtaa wa nyuma ya soko. Alitokwa damu baada ya kujifungua."

Kijana alitafuta kidogo kwenye kompyuta. "Mbona hatuna kifo chake?"

"Kwa sababu nilimvusha. Nilimkalisha garini nikawaambia askari wenu na wetu kwamba amesinzia. Mimi ndiye mama yake."

Kijana yule aliweka kalamu chini. Alikuwa na umri wa Atupele na miaka michache juu. Nilihofia ataita mtu, nikaanza kutafuta maneno ya kumtetea, mimi ambaye hata kibali changu kilikuwa cha siku moja. Badala yake alisema kwa upole, "Na sisi kwetu wanafanya. Babu yangu alikuja hivyo kutoka Tunduma."

Akamwita mkubwa wake, mama mmoja mtu mzima, ambaye naye alisikiliza hadithi yote tangu mwanzo, akasikitika, akatwambia ni jambo la kuchelewa na kuna kiapo cha kula na shahidi wa kuleta. Mama mdogo wa marehemu akaitwa kutoka nyumbani kwake, akaja mbio na kandambili. Alipomwona dada yake ndani ya ile ofisi, upande ule wa mpaka, alikaa chini palepale mlangoni. Walishikana pale wakalia, na watu wa foleni wakawapisha.

Kisha Mama Takwimu akapangusa uso, akarudi kwenye kiti, akawa yeye. Kijana alipofika kwenye sababu ya kifo akaandika "uzazi."

"Uzazi si sababu," akamwambia. "Andika kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Uzazi wenyewe ulikwenda vizuri. Mtoto huyu hapa."

Kijana akafuta, akaandika alivyoambiwa.

Karatasi tulizopewa hazikuwa vyeti vyenyewe. Vyeti vingekuja baadaye, na huku kwetu kuna utaratibu mwingine wa kuvipokea. Chuo, baada ya kupigiwa simu na mimi kwa sauti niliyojifunza kwake, kilikubali kumpokea Atupele na karatasi ile huku vyeti vinafuatiliwa. Lakini hayo yalikuwa ya wiki iliyofuata. Siku ile, tukitoka ofisini, Mama Takwimu alisimama kwa mwanamke wa munkoyo, akanunua chupa, akanywa palepale jua linapiga, akasema wameharibu, sukari imezidi. Akainywa yote.

Mpakani jioni foleni ilikuwa ndefu. Askari alichukua vibali vyetu bila kututazama, amechoka, mkono mmoja kwenye shavu.

"Mko wangapi, mama?"

"Watatu," akasema.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Kwa mazoea ya miaka yote ile nilisogeza sikio kusubiri lile neno la chini, "Na mmoja." Halikuja. Askari akagonga muhuri, akaturudishia vibali. Mama Takwimu akakunja chake mara mbili, akakitia kwenye sweta, akamuuliza mjukuu wake kama gari la Vwawa linaondokea upande gani siku hizi.